Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo Alipwe na Nani, na kwa Kipimo Gani?

Somo letu la juma hili lahusu mshahara wa mtu ambaye jamaa nyingi humkumbuka siku ya matatizo tu. Mtu huyo ni hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Huenda msomaji akauliza: Mshahara wa hakimu wanihusu nini mimi, mkulima wa kahawa, au mama wa nyumbani, au fundi seremala? Je, hiyo si kazi ya Serikali? Twajibu kwamba wamhusu sana, tena wamhusu maskini kuliko tajiri. Tajiri akionewa hukata rufani na kuweka wakili; lakini maskini hana ngazi nyingine iliyo karibu naye ila ile ya kwanza. Ngazi hiyo ikiwa mbovu, hapandi popote.

Basi tutaeleza mambo manne kwa taratibu: kazi ya hakimu huyu ni nini, kwa nini alipwe na hazina ya umma wala si na mtu mwingine, ujira wake upimwe kwa kipimo gani, na mwisho, sisi wenyewe tuna wajibu gani katika jambo hili.

KAZI YA HAKIMU WA CHINI

Hapa Tanzania Bara, Mahakama ya Mwanzo ndiyo iliyo karibu na watu kuliko mahakama zote. Humo mwenye duka humdai mdeni wake, aliyeibiwa baiskeli humkabili mwizi, na watu waliopigana kilabuni huulizwa sababu. Humo pia hufunguliwa mashauri ya mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Tena, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mahakama hiyo imepewa uwezo wa kupokea mashauri ya ndoa kama mahakama zilizo juu yake. Hivyo mke aliyefukuzwa na mumewe aweza kwenda huko kudai matunzo yake na ya watoto. Katika makosa ya jinai hakimu huyo aweza, kwa kawaida, kumfunga mtu hata miezi 12. Na lugha ya mahakama hiyo ni Kiswahili, ili hata mzee asiyejua kusoma asikie kwa masikio yake mwenyewe yale yanayosemwa juu yake.

Tuupime uzito wa kazi hiyo. Mjane akinyang'anywa na shemeji zake ng'ombe watatu na mabati ya nyumba, wakubwa wa mjini wataliita shauri dogo. Kwa mjane huyo, ng'ombe hao ni maziwa ya asubuhi na sare za shule za watoto, na mabati hayo ndiyo paa lake. Hakuna shauri dogo kwa mwenye shauri. Na mtu atakayesema mali hiyo ni ya nani si Jaji Mkuu, wala si Waziri. Ni hakimu mmoja anayeketi katika jengo lililo kando ya soko.

Yafaa pia tukumbuke tulikotoka. Katika utawala wa Waingereza, hasa baada ya Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1926, mtemi au liwali alikuwa mtawala na mwamuzi kwa pamoja. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 iliziweka mahakama hizo chini ya usimamizi wa maofisa wa utawala, wale mabwana shauri, wala si chini ya Mahakama Kuu. Ada na faini ziliingia katika hazina za wenyeji, na kutoka hazina hizo hizo watemi na makarani walilipwa mishahara yao. Hatusemi kwamba watemi wote walikuwa wadhalimu. Wako waliosifiwa kwa hekima na upole. Lakini utaratibu wenyewe ulikuwa na kasoro: aliyetoza faini na aliyelishwa na faini walikula katika chungu kimoja.

Madaraka ya watemi yaliondolewa mwaka 1963. Mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1964, nayo ikaziunganisha mahakama zote za Bara katika mfumo mmoja, kutoka Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Sheria ya mwaka 1984 ilishika nafasi ya ile ya kwanza, lakini msingi ulibaki ule ule. Tangu hapo hakimu wa chini si mtu wa mtemi wala wa bwana shauri. Ni mtumishi wa haki. Chuo cha Uongozi wa Mahakama huko Lushoto, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, kimewafundisha mahakimu wengi wa aina hii, na siku hizi wenye shahada ya sheria nao huketi katika mahakama hizo. Elimu inayotakiwa imepanda, na kazi imekuwa ngumu zaidi. Je, heshima ya ujira imepanda kwa kadiri hiyo hiyo? Hilo ndilo swali letu.

KWA NINI ALIPWE NA HAZINA YA UMMA

Katika karne ya 13 Mtakatifu Thomas wa Akwino aliuliza kama ni halali wakili kupokea malipo kwa mteja wake. Akajibu kwamba ni halali, maana wakili humsaidia mtu kwa ujuzi wake, naye halazimiki kumsaidia kila mtu bure. Lakini akaona kwamba hakimu hafanani na wakili. Wakili ni wa upande mmoja. Hakimu ni wa pande zote mbili. Tena hukumu ya haki si mali ya hakimu hata aiuze. Ni deni analodaiwa na wote wanaosimama mbele yake. Kwa sababu hiyo, asema Mtakatifu Thomas, mahakimu wamewekewa malipo ya kazi yao kutoka katika mali ya umma.

Mafundisho hayo ni mafupi, lakini yanatosha kujenga juu yake utaratibu mzima. Twaweza kutoa humo makatazo matatu.

La kwanza: hakimu asilipwe na mdai wala mdaiwa, hata kwa jina la "chai", au "nauli", au "kitu kidogo". Anayemlipa mtu humtuma. Hakimu akila chakula cha upande mmoja, upande wa pili umekwisha kushindwa kabla haujafungua kinywa.

La pili: hakimu asilipwe kwa kadiri ya faini anazotoza wala ada anazokusanya. Mahali ambapo faini huwa mshahara, wenye hatia huongezeka upesi. Ada halali ziingie Serikalini kwa stakabadhi, na mshahara utoke Serikalini kwa sheria, wala viwili hivi visijuane.

La tatu: mshahara wa hakimu usitegemee hisani ya mkubwa yeyote, awe wa siasa, wa biashara au wa utawala. Hakimu anayengoja kila mwaka kuona kama bwana fulani amefurahi ndipo apate nyongeza, huyo ataandika hukumu zake huku akimtazama bwana huyo.

Katazo hili la tatu limetambuliwa na mataifa tangu zamani. Uingereza iliweka katika sheria yake ya mwaka 1701 kwamba mishahara ya majaji iwe imethibitishwa, na majaji wasiondolewe kwa matakwa ya mfalme peke yake. Umoja wa Mataifa, katika kanuni zake za mwaka 1985 juu ya uhuru wa mahakama, ulitaka malipo ya kutosha ya mahakimu yalindwe kwa sheria. Na Katiba yetu wenyewe, katika ibara ya 107B iliyoingizwa mwaka 2000, yasema kwamba mahakama zote ziwe huru, zikifuata Katiba na sheria za nchi tu. Msomaji aangalie neno hilo: mahakama zote. Haikusema zile za juu peke yake.

Hata hivyo, tukifungua ibara ya 142 ya Katiba hiyo hiyo, twaona kwamba ulinzi wa mshahara umewekwa kwa Majaji wa Mahakama Kuu na wa Mahakama ya Rufani, pamoja na wakubwa wengine wachache wa nchi. Malipo yao hutoka moja kwa moja katika Mfuko Mkuu wa Hazina, wala mshahara wao hauwezi kubadilishwa kwa namna ya kuwapunguzia maslahi wakiwa kazini. Tena mwaka 2007 Bunge lilitunga sheria maalumu ya mishahara na mafao ya majaji. Hayo yote ni mema, nasi twayasifu. Lakini hakimu wa Mahakama ya Mwanzo hakutajwa humo. Yeye aliye karibu na umaskini wa watu, naye ndiye aliye karibu na vishawishi, amewekewa ukuta mfupi kuliko wote. Ni kama mtu aliyejenga boma imara kuzunguka ghala, akaacha mlango wa zizi bila komeo.

Ni kweli kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 ilileta nafuu kubwa: iliunda Mfuko wa Mahakama, ikaweka Mtendaji Mkuu wa kuangalia mambo ya fedha na utawala, na Tume ya Utumishi wa Mahakama ikapewa nguvu zaidi juu ya watumishi wake. Ni kweli pia kwamba yamejengwa majengo mazuri, kama vile Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki katika miji ya Arusha, Dodoma, Morogoro, Mwanza na Dar es Salaam. Lakini kuta hazihukumu. Anayehukumu ni mtu mwenye tumbo, mwenye mke au mume, mwenye watoto na wazazi wazee. Na mtu huyo lazima ale.

KIPIMO CHA UJIRA WA HAKI

Kanisa halina orodha ya mishahara kwa shilingi na senti, wala hiyo si kazi yake. Lakini lina kipimo. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano ya mwajiri na mwajiriwa hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki. Iko haki iliyo juu ya mapatano, yaani ujira usipungue kiasi cha kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi na mwadilifu. Papa Yohane XXIII, katika Mater et Magistra ya mwaka 1961, aliongeza kwamba mshahara usiachwe kwa nguvu ya soko peke yake wala kwa matakwa ya wenye uwezo. Utazamwe mahitaji ya mfanyakazi na jamaa yake, mchango wa kazi yake, uwezo wa anayelipa, na manufaa ya watu wote. Tuchukue kipimo hicho, tukiweke juu ya hakimu wetu.

1. Jamaa yake. Mshahara umwezeshe kulisha, kuvika, kutibu na kusomesha watoto wake bila kukopa kila katikati ya mwezi. Mei Mosi mwaka 2025, huko Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kuanzia Julai ya mwaka huo. Nyongeza hiyo iliwafurahisha wengi. Lakini kima cha chini ni sakafu ambayo mtu asizamishwe chini yake. Si kipimo cha kazi ya kila mtu. Mwenye kuhukumu hapimwi kwa sakafu.

2. Elimu na uzito wa kazi yake. Anayeweza kumtia mtu gerezani mwaka mzima, au kuamua watoto walelewe na nani, amebeba mzigo wa roho za watu. Husikiliza mashahidi, huandika ushahidi, huandika hukumu, na hukumu hiyo husomwa na mahakama ya wilaya pindi mtu akikata rufani. Haifai ujira wake uwe mdogo kuliko ule wa watumishi wengine wa umma wenye elimu sawa na mzigo mwepesi zaidi.

3. Mambo anayokatazwa. Hiki ni kipimo ambacho wengi hukisahau. Mwalimu aweza kufuga kuku na kuwauzia majirani. Muuguzi aweza kuwa na duka dogo la nguo. Lakini hakimu akifungua duka, wadeni wake ndio watakaosimama mbele yake. Akinunua bodaboda ya kukodisha, siku dereva wake akigonga mtu, nani atasikiliza shauri hilo? Akikopa kwa mfanyabiashara, amekwisha kujifunga kamba shingoni. Maadili ya kazi yake yamemfungia milango mingi ya riziki ambayo kwa wengine i wazi. Basi nchi inayomfungia milango hiyo inadaiwa haki ya kumfungulia ule mmoja uliobaki.

4. Mahali anapokaa. Hakimu huhamishwa. Akifika katika mji mdogo asikojulikana, bila nyumba ya Serikali, atapanga kwa nani? Mara nyingi atapanga kwa mtu mwenye nyumba nyingi, na mwenye nyumba nyingi ndiye mwenye mashauri mengi. Na pale hakimu mmoja anapohudumia mahakama mbili zilizo mbali, akikosa usafiri atapewa lifti. Na siku moja mwenye gari atataka nauli yake kwa njia nyingine. Kwa hiyo nyumba, usafiri na posho ya mazingira magumu ni sehemu ya haki yenyewe, wala visihesabiwe kuwa anasa.

5. Hali ya nchi na uwiano. Hatudai kwamba hakimu aishi kama mfalme kati ya wakulima. Mwalimu Nyerere, mwaka 1966, aliupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, akionyesha kwamba wakubwa wa nchi maskini hawana haki ya kujitenga na umaskini wa watu wao. Somo hilo halijapitwa na wakati. Fedha zikiwa chache, kupunguza kuanze juu na kuongeza kuanze chini. Si haki kusema kila mwaka kwamba hazina ni tupu pale anapotajwa hakimu wa chini, na isiwe tupu pale yanapotajwa magari ya wakubwa.

Tusiwasahau wazee wa baraza. Sheria ya mwaka 1984 haikuwaweka kuwa mapambo. Iliwapa kura pamoja na hakimu, na shauri kuamuliwa kwa wingi wa kura hizo. Mzee anayeacha shamba lake asubuhi, akashinda barazani hadi alasiri, apewe posho inayolingana na siku aliyoipoteza, tena apewe kwa wakati. Kura ya mwenye njaa nayo hununuliwa.

HOJA ZINAZOTOLEWA

Wako wasemao: "Mshahara mkubwa haumalizi rushwa, wako matajiri wanaokula rushwa kuliko maskini." Neno hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Tume ya Rais ya kuchunguza kero ya rushwa, iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba na kutoa taarifa yake mwaka 1996, ilitenga wala rushwa katika mafungu mawili: wale wanaopokea kidogo kidogo kwa sababu mapato hayawatoshi, na wale wakubwa wanaopokea kwa tamaa tu. Nazo mahakama hazikusalimika katika taarifa hiyo. Dawa ya tamaa ni sheria kali na dhamiri safi. Lakini dawa ya mapato yasiyotosha ni mapato yanayotosha. Daktari mwenye busara hakatai kutibu malaria kwa sababu kuna kansa. Tena ujira wa haki wampa Mwamuzi wa juu uso wa kuadhibu: Serikali inayolipa vizuri yaweza kumfukuza mla rushwa bila haya.

Wengine husema: "Uingereza wako mahakimu wa kawaida wasiolipwa mshahara, na kazi yaenda." Hao nao waangalie vema. Mahakimu hao wa Uingereza huketi siku chache katika mwaka, kwa kawaida watatu pamoja, wakisaidiwa na mshauri wa sheria, nao hurudishiwa gharama zao. Riziki yao hutoka mahali pengine. Hakimu wetu huketi kila siku ya kazi, wala hana mahali pengine. Wawili hao hawalinganishwi.

Wa tatu husema: "Mwenye njaa hana miiko, tusimlaumu hakimu mwenye mshahara mdogo akipokea." Hapa yatupasa kukataa kwa sauti. Methali hiyo yaeleza jinsi mtu anavyoanguka. Haimpi ruhusa ya kuanguka. Wako mahakimu wengi wenye mshahara ule ule ambao hawajawahi kugusa shilingi ya mdai. Kusema kwamba umaskini huleta rushwa kwa lazima ni kuwatukana hao, na pia kumtukana kila mkulima maskini aliye mwaminifu. Twadai ujira wa haki kwa sababu hakimu ana haki nao. Hatuulipi kama fidia ili asiibe.

YANAYOTUPASA

Kwanza, yaipasa nchi. Tungependa kuona kinga ya mshahara iliyowekwa kwa majaji ikishuka kwa namna inayofaa hadi kwa mahakimu wa ngazi zote, kwa sheria iliyo wazi. Tungependa malipo yao yapitiwe kila baada ya muda uliowekwa, na chombo kisicho na mashauri mahakamani, kikifuata vipimo vinavyojulikana na wote, kisha hesabu hizo zitangazwe. Kipimo kikijulikana, hakimu hatapiga magoti kwa mtu, wala mwananchi hatadhani kwamba amependelewa.

Pili, yawapasa mahakimu. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Yethro alimshauri Musa achague waamuzi wanaomcha Mungu na kuchukia mapato ya udhalimu. Hakusema wachaguliwe wenye mali. Wana wa Samweli walipewa cheo cha baba yao, lakini wakapotosha hukumu kwa ajili ya rushwa, na taifa zima likayumba. Mtakatifu Ivo wa Bretagne, aliyezaliwa mwaka 1253 na kufariki mwaka 1303, alikuwa padre na hakimu wa Kanisa huko Rennes na Tréguier, nchini Ufaransa. Alikataa zawadi za wenye mashauri, akawatetea wajane na yatima, na mwaka 1347 Kanisa likamtangaza mtakatifu. Wanasheria wamemfanya msimamizi wao, na sikukuu yake ni tarehe 19 Mei. Hakimu Mkatoliki amwombe.

Naye aliyekwisha kupokea ajue kwamba toba peke yake haitoshi. Amri ya saba yadai malipizi: aliyemnyima mtu haki yake kwa sababu ya rushwa anadaiwa kumrudishia hasara aliyomtia. Maondoleo ya kitubioni hayafuti deni hilo, kama vile yasivyolifuta deni la mwizi.

Tatu, yatupasa sisi wenyewe, nasi tusijitoe haraka. Wahenga waliposema "penye udhia penyeza rupia" walikuwa wakieleza desturi mbaya ya dunia. Wako Wakristo walioigeuza kuwa amri ya 11. Hakuna mpokeaji bila mtoaji, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 huwashika wote wawili. Anayenunua hukumu ili amdhulumu mwenzake ana hatia kubwa mbele ya Mungu. Anayelazimishwa kulipa ili apate haki iliyo yake mwenyewe ana hatia iliyopungua, lakini asinyamaze, maana kimya chake kitamlipisha na mwenzake kesho.

Basi kila jamaa ijue mambo haya. Dhamana ya mtuhumiwa haiuzwi; ni bure. Ada yoyote ya mahakama hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali na kupewa stakabadhi, haipiti mkononi mwa karani wala mlinzi. Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo anazo siku 30 za kukata rufani katika mahakama ya wilaya. Hiyo ndiyo njia, wala si bahasha. Mwenye malalamiko juu ya mwenendo wa hakimu ayapeleke katika kamati za maadili za wilaya au za mkoa, zilizowekwa na ile sheria ya mwaka 2011. Na mwenye ushahidi wa rushwa aende TAKUKURU. Lakini asimsingizie hakimu kwa sababu tu ameshindwa. Kumchafulia mtu jina ni kuiba, tena kuiba kitu kisichorudishwa kwa urahisi.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Kwa nini wakili aweza kulipwa na mteja, lakini hakimu asilipwe na mwenye shauri?

2. Katika mtaa au kijiji chetu hakimu anakaa wapi, na anafikaje kazini? Je, hali hiyo yamsaidia kuwa huru?

3. Mtoto wetu akikamatwa leo, tutafanya nini ili atoke kwa njia ya haki?

4. Ni maneno gani ya mzaha tunayotumia nyumbani ambayo huwazoeza watoto kudhani kwamba rushwa ni jambo la kawaida?

Wapenzi wasomaji, Bwana wetu alisimulia juu ya mjane aliyemwendea hakimu dhalimu siku baada ya siku mpaka akapewa haki yake. Mjane huyo yuko bado. Leo asubuhi ameamka mapema, amefunga hati zake katika kitambaa, na anashika njia ya kwenda Mahakama ya Mwanzo. Hana fedha ya kumpa mtu, wala hapaswi kuwa nayo. Tumwombee akute hakimu anayemcha Mungu. Na tudai, kwa sauti moja na kwa adabu, kwamba hakimu huyo awe amekwisha kulipwa na sisi sote, ili asiwe na haja ya kulipwa na yeye.